Noah ya Baba Mdogo

Desemba ikifika katikati, watoto wa Mwika hukaa kandokando ya barabara wakihesabu magari yanayopanda kutoka Himo. Wachaga wa Dar es Salaam wanarudi nyumbani, au kama watani zetu wanavyosema, wanakwenda kuhesabiwa. Yanapita magari ya kila namna: IST, Vitz, Harrier, Prado, Noah zilizojaa watu, ndoo na magodoro. Watoto wajanja hawatazami rangi. Wanatazama namba.

"Namba A hiyo, imechoka!"

"Ile ni E, mpya kabisa!"

Mnajua wanasoma nini. Kibao cha Tanzania Bara kina T, halafu tarakimu tatu, halafu herufi tatu. Ya kwanza kati ya hizo tatu ndiyo inayoitwa "namba" mitaani. Tulianza na A, tukapita B, C na D, sasa tuko E. Lakini hapo niwarekebishe kidogo, maana hata watu wazima huliwa hela kwa kosa hili. Herufi hiyo haisemi gari limezaliwa lini. Inasema lilisajiliwa lini hapa kwetu. Gari la namba E laweza kuwa lilitengenezwa Japani kabla ninyi hamjazaliwa, likazeeka huko huko, ndipo likaja. Lishikeni hilo, tutalihitaji.

Sasa nawaletea Baba Mdogo. Msihangaike kumtafuta kijijini, nimemtunga mwenyewe, yeye na ndugu zake wote na kila atakayekutana naye. Mitego aliyotegewa ndiyo si ya kutunga. Inategwa kila siku, na wanaonaswa si wajinga.

Baba Mdogo alikuwa dereva wa bodaboda, njia yake Mwika sokoni hadi Marangu Mtoni. Alibana hela miaka kadhaa, akauza kahawa, akauza ndama, akawa na ndoto moja: Noah ya kupakia abiria kwenda Moshi mjini. Usiku mmoja akiwa kitandani na simu, akaiona. Nyeupe, safi, viti vizima. Milioni tano! Noah za mfano huo zilikuwa zinaulizwa mara mbili ya bei hiyo na zaidi. Akapiga simu palepale.

"Mkuu, umewahi," sauti ikajibu, ya upole kabisa. "Nimehamishiwa kazini Mtwara, gari liko yadi Kinondoni. Sina muda wa kuzungushana. Wapo watatu wanaitaka, ila wewe nakusikia ni mtu wa kanisani. Tuma laki tatu ya kuishikilia, nyingine utalipa ukiiona."

Baba Mdogo hakuwa mtu wa kuamini ovyo. Akaomba uthibitisho. Akatumiwa picha sita za gari, picha ya kadi, picha ya kitambulisho cha NIDA cha muuzaji, na namba ya simu ya meneja wa yadi. Akampigia meneja. Meneja akasema ndiyo, Noah ipo, imeegeshwa pale mbele yake. Basi, moyo ukatulia, akatuma laki tatu. Jina lililotokea kwenye simu kabla hajabonyeza kukubali lilikuwa la mwanamke. "Namba ya mke wangu hiyo," muuzaji akasema, "yangu imejaa."

Hebu tusimame hapo. Baba Mdogo alidhani ana mashahidi watano: picha, kadi, kitambulisho, meneja na muuzaji. Alikuwa na shahidi mmoja. Vyote vitano vilitoka mdomo mmoja. Namba ya meneja aliitoa nani? Muuzaji. Kadi aliitoa nani? Muuzaji. Huyo meneja huenda ni rafiki yake aliyeketi naye meza moja, au ni yeye mwenyewe kakohoa kidogo akabadilisha sauti. Hapa Mwika hakuna mtu anayenunua ng'ombe kwa kusimuliwa na mwenye ng'ombe. Mtu huenda hadi bandani, akamshika nundu, akamtazama meno, halafu akitoka humuuliza jirani: huyu anatoa maziwa kiasi gani kweli? Jirani hana faida katika biashara ile, kwa hiyo neno lake lina uzito. Kwenye simu tunamsahau jirani.

Na kile kitambulisho? Hapo pana ujanja wa kutisha. Kitambulisho kilikuwa cha kweli kabisa, chenye picha ya mtu wa kweli, ila mtu huyo hakuwa muuzaji. Alikuwa mteja wa jana. Matapeli humwambia mnunuzi, "Na wewe nitumie chako ili tuandike mkataba." Mnunuzi hutuma. Kesho yake kitambulisho chake kinatumika kumhadaa mwingine: tazama, mimi ni mtu halali, hiki hapa kitambulisho changu. Baba Mdogo naye alikuwa ameshatuma cha kwake. Kwa hiyo wakati anasubiri Noah, huenda kuna mtu Mbeya au Tabora alikuwa anaiangalia sura yake na kusema, huyu anaonekana mwaminifu.

Aliyemzindua ni binti wa kaka yake, wa darasa la sita. Alirudi shuleni, akaonyeshwa picha za gari jipya la ukoo, akazivuta kwa vidole viwili zikawa kubwa. Hakuitazama Noah. Aliangalia nyuma yake.

"Baba Mdogo, hii si Dar."

"Kwa nini?"

"Hili basi dogo hapa nyuma lina mstari wa njano ubavuni. Na namba yake ni KD. Ni matatu ya Kenya."

Mtoto wa Mwika hawezi kukosea hapo. Himo si mbali, na barabara ya Holili inaleta magari ya Taveta kila siku. Picha ilikuwa imeibwa kwa mtu wa Nairobi au Mombasa aliyekuwa anauza gari lake kwa amani. Baba Mdogo akampigia muuzaji. Muuzaji akadai picha zilipigwa safarini. Sawa, akasema Baba Mdogo, basi mwambie meneja aandike neno MWIKA kwenye karatasi pamoja na tarehe ya leo, ailaze juu ya kioo cha mbele, anipigie simu ya video nione. Simu ikakatika, na haikupatikana tena.

Laki tatu haikurudi. Hata hivyo Baba Mdogo hakujifungia ndani kwa aibu. Aliupigia mtandao wake wa simu saa ileile, maana hela ikishatolewa kwa wakala imekwisha, ila dakika za mwanzo huenda bado ipo. Akatoa taarifa ya ile namba kwa kutuma ujumbe kwenda 15040, namba iliyowekwa kwa ajili ya kuripoti matapeli wa simu. Akapiga *106# aone kama kuna laini ngeni iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake. Ujumbe wote aliuhifadhi, akaenda nao polisi. Utapeli wa namna hii umo ndani ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na polisi hawawezi kufuatilia ujumbe uliofutwa kwa hasira.

Wiki iliyofuata jirani akamletea habari nyingine moto: kuna ofisa wa forodha anauza magari yaliyokwama bandarini, bei ya kutupa, unalipa kwa simu yake. Hili nalipita haraka kwa sababu jibu lake ni fupi. Minada ya magari ya forodha ipo kweli, lakini malipo ya serikali yana kontroli namba, na hela huingia serikalini. Ofisa anayepokea kodi kwenye namba yake ya M-Pesa si ofisa, na kama ni ofisa basi ni mwizi. Baba Mdogo akacheka, akakataa.

Akageukia Japani.

Msishangae. Kununua gari Japani ukiwa Mwika si ndoto. Magari mengi mnayoyahesabu Desemba yalikuja hivyo, na wauzaji wa kule walio wengi ni watu wa kazi zao. Japani wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa hiyo usukani uko kulia tayari. Tena wana ukaguzi wa lazima unaoitwa shaken: gari dogo jipya hukaguliwa likifika miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi wenyewe una gharama. Gari likianza kuzeeka, wengi huona bora waliuze. Huenda mnadani, na mnadani kuna kitu ambacho ningependa kila mtoto akione: karatasi ya mnada.

Ni karatasi moja yenye mchoro wa gari lililofunuliwa, kama limepasuliwa na kulazwa. Mkaguzi huzunguka gari na kuandika herufi palepale penye kasoro. A ni mkwaruzo. U ni sehemu iliyobonyea. W ni bati lililonyooshwa na kupakwa rangi upya, bado lina mawimbi kidogo. X ni kipande kinachotakiwa kubadilishwa. Pembeni ya herufi kuna namba: A1 ni mkwaruzo mdogo, A3 ni mkubwa. Kisha juu gari linapewa alama, kwa mfano 4 au 3.5. Likiandikwa R, lilipata ajali likatengenezwa. Kilomita zimo, na chesisi namba imo pia. Muuzaji wa haki hukupa karatasi hiyo ukiiomba. Anayesema "hatuna, lakini gari ni zuri sana" anakutaka umwamini kwa uso, na uso wenyewe huuoni.

Baba Mdogo akapata kampuni. Mara hii hakuuliza kampuni yenyewe kama ni ya kweli. Tangu 2015 kila kampuni ya Japani ina namba ya utambulisho yenye tarakimu 13, na mamlaka ya kodi ya kule ina ukurasa ambao mtu yeyote huingiza namba akaona jina na anwani. Wapo pia JUMVEA, chama cha wanaouza nje ya nchi magari yaliyotumika, chenye orodha ya wanachama. Hao ndio majirani wa ng'ombe. Kampuni ikaonekana ipo, jina sawa, anwani sawa.

Ikaja ankara. Ilikuwa na bei mbili, naye akachanganyikiwa kidogo. FOB ni bei ya gari likiwa limepakiwa melini Japani. CIF inaongeza nauli ya meli na bima mpaka bandari ya Dar es Salaam. Wengi huangalia FOB wakafurahi mapema.

Na hapa ndipo mwizi hupenda kuingia, hata pale muuzaji anapokuwa mkweli. Siku moja kabla ya kulipa, inafika barua pepe: "Mteja wetu mpendwa, akaunti yetu iko kwenye ukaguzi, tafadhali lipa kwenye akaunti hii mpya." Jina la mfanyakazi ni lilelile, nembo ni ileile, na anajua hata rangi ya gari. Mtu ameingia katikati ya mazungumzo, anayasoma, anangoja hela isogee. Chukueni daftari. Andikeni herufi r, halafu n, zikiwa zimegusana. Mmeona? Zinafanana na m. Kampuni yenye m kwenye anwani yake yaweza kuigwa na mtu aliyeandika r na n, na jicho lililochoka usiku halioni tofauti. Dawa yake ni kuipigia simu kampuni kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, siyo ile iliyoandikwa chini ya barua mpya. Tena uangalie akaunti ni ya nani. Kampuni ya Japani inayotaka hela yake iende kwa jina la mtu binafsi, au kwenye benki ya nchi nyingine kabisa, ina maelezo ya kutoa kabla hujatoa shilingi.

Baba Mdogo hakufika huko. Kabla ya kwenda benki alifungua kikokotoo cha kodi cha magari yaliyotumika kwenye tovuti ya TRA. Ushuru wa forodha asilimia 25. VAT asilimia 18. Ushuru wa bidhaa kufuatana na ukubwa wa injini. Na gari likizidi miaka 8 tangu kutengenezwa, ushuru wa uchakavu juu yake. Alipoona jumla akaweka simu kifudifudi. Hakuwa na hela hiyo. Lakini kikokotoo kilimfundisha jambo ambalo hakuna aliyemwambia: kama kodi peke yake inazidi milioni tano, nani angekuuzia Noah safi kama ile kwa milioni tano? Bei ile ya kwanza ilikuwa imejisema yenyewe, ila hakujua lugha yake.

Ikabaki Dar es Salaam, gari lililokwisha kusajiliwa. Akaona Noah namba D, milioni tisa, iko Mbezi. Safari hii hakutuma hata senti. Alimtuma Shangazi.

Kila ukoo wa Mwika una shangazi Dar. Huyu alikuwa anaishi Kimara, na amefanya biashara ya ndizi tangu zamani. Akaambiwa na muuzaji kwenye simu: "Mama, gari ni la mjomba wangu, mwalimu mstaafu. Mimi namdai, kwa hiyo hela ni yangu. Nenda ulione, ila tafadhali usimtajie bei, ana presha. Ukiridhika unanitumia mimi."

Shangazi akachukua fundi, wakaenda. Nyumba ipo. Mzee yupo. Noah ipo, namba ileile, inawaka, inanguruma vizuri. Mngekuwa ninyi mngelipa, siyo? Maana tumesema nenda ukaone, na gari limeonekana. Fundi alishaanza kutabasamu.

Shangazi akavuta kiti.

"Mwalimu, samahani. Hili gari wewe unaliuza shilingi ngapi?"

Mzee akashtuka. "Mama, si nimeambiwa tusizungumze bei?"

"Na mimi nimeambiwa hivyohivyo. Ndiyo maana nauliza."

"Milioni kumi na tatu. Kuna bwana kasema atanilipa benki, amemtuma mama wa dereva wake aje kukagua."

"Mimi nimeambiwa tisa, nimtumie mpwa wako."

"Mpwa gani?"

Wakatazamana, kisha mzee akacheka mpaka akakohoa. Tapeli alikuwa ameliona tangazo la kweli la mwalimu, akalinakili kwa bei ya chini, akakaa katikati ya watu wawili wakweli na kumwambia kila mmoja asiseme na mwenzake. Hakuhitaji gari wala yadi. Alihitaji ukimya wao tu. Shangazi angelipa, angefika kuchukua gari, mwalimu angesema sijaona hela, nao wangepelekana polisi huku mwizi akila chipsi mahali.

Wakaanza biashara upya, ya uso kwa uso. Fundi akafungua boneti, akachukua kitambaa chenye petroli, akafuta vumbi juu ya bati mpaka chesisi namba ikasomeka. Shangazi akashika kadi, wakasoma herufi kwa herufi, mmoja anataja, mwingine anafuata kwa kidole. AZR60, kisha tarakimu. Kumbukeni, namba D haisemi gari limezaliwa lini. Noah zinazoanza na AZR60 zilitengenezwa kati ya 2001 na 2007; baada yake zikaja ZRR70. Kadi ikisema 2012 na bati likisema AZR60, mmojawapo anadanganya, na bati si rahisi kudanganya. Hapa vilikubaliana. Wakaingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa faini za barabarani, likatoka deni dogo la mwendokasi, mwalimu akaona haya, akalilipa. Fundi akatazama pia mpira wa pedali ya breki. Ulikuwa umelika hadi chuma, wakati dashibodi inadai kilomita elfu sitini. Hapo mwalimu akakiri kwamba alilinunua likiwa hivyo, na yeye mwenyewe hakuwahi kuziamini. Bei ikashuka hadi kumi na moja na nusu.

Baba Mdogo alikopa kilichopungua kwenye SACCOS, akapanda basi kwenda Dar. Walilipana benki, kwenye akaunti yenye jina lilelile la kwenye kadi, mwalimu akiwa amesimama kando yake dirishani, kisha wakashughulikia uhamisho wa umiliki TRA. Kadi ya zamani hakuiacha mkononi mwa mtu.

Fundi alidai elfu hamsini kwa asubuhi ile moja. Baba Mdogo analalamika mpaka leo kwamba ni nyingi, na Shangazi humuuliza mbele za watu laki tatu ya Mtwara aliikatia risiti kwa nani.